Mkato wa Mkono wa Kushoto

Ile suruali ya kijivu ilikatwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto. Mke wa fundi alilijua hilo kabla hajaketi kwenye cherehani. Mstari wa chaki huanza mnene ukaishia mwembamba, na mistari yote ya kitambaa hiki ilikuwa minene upande wa kulia. Zile alama ndogo zinazochanjwa kwa ncha ya mkasi, ili mshonaji ajue pa kuunganisha, zilikuwa zimelalia upande usio wake. Mumewe alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Kwa miaka kumi na tisa mume alikata na mke akashona, na katika miaka hiyo hakuna kipande kilichofika kwenye cherehani hii bila kupita kwenye mkasi wake.

"Hizi umezikata lini?" aliuliza.

"Jana. Ulipokwisha ondoka."

"Zote?"

"Zote. Kwani zina kasoro?"

Mume alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni, uso wake hauonyeshi kitu. Mke aliziweka pande mbili za mguu juu ya goti, akazilinganisha. Zilikwenda sawa kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, wala hapakuwa na hata uzi mmoja wa kupunguza. Zingekuwa zimekatwa vibaya, angefurahi.

"Hazina," alisema, akakanyaga pedali.

Katika soko lote, mtu mmoja tu alikata kwa mkono wa kushoto. Wateja walimwita Mashoto, na jina hilo lilimkaa hata lake la kuzaliwa likasahaulika. Alijifunza kazi kwenye meza yao kwa miaka mitatu, kisha akafungua duka lake nyuma ya soko. Alikuwa ameachika, hakuwa na mtoto, na alikuwa na shingo ndefu. Mambo haya matatu mke wa fundi aliyajua siku zote, lakini asubuhi hiyo ndipo yalipojipanga mstari mmoja.

Nyuma yake yakajipanga mengine. Mumewe alikuwa mtu wa kucheka hadi anashika meza. Miezi mitano sasa, ukimtania anakutazama kama mtu anayetajiwa bei. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kana kwamba anazungumza na mtu mwingine aliye karibu zaidi. Siku ya harusi ya mpwa wao, mke alijipulizia manukato mapya, akasimama mbele yake, akangoja. "Twende," mume alisema, "tutachelewa." Baadaye alihamishia godoro sebuleni, akidai kwamba usingizi wake umekuwa wa fujo. Na mashati, aliyokuwa akiyashona mwenyewe na kuyapenda, aliyatundika ukutani akaanza kuvaa fulana za vijana zisizo na kifungo hata kimoja.

Mke hakumwuliza. Aliona kwamba jibu likishatoka halirudi lilikotoka.

Saa tano alikwenda kwenye kibanda cha jirani kununua zipu. Mwenye kibanda aliitwa Mama Vifungo. Aliuza vifungo, zipu na nyuzi, na kutoka alipokaa aliona milango kumi na minne.

"Shoga, mbona leo pedali unaikanyaga kama unaua nyoka?"

"Nipe zipu sita za kijivu."

"Zipu nitakupa. Huo uso nani kakupa?"

"Nimeamka nao."

"Aa, huo si wa kuamka nao, huo wa kupewa." Mama Vifungo alihesabu zipu polepole kuliko ilivyohitajika. "Hivi mumeo saa tisa huwa anakwenda wapi na ule mfuko mweusi?"

"Kwa wateja."

"Wateja wengi?"

"Kama una neno, sema."

"Mimi? Mimi nauza vifungo." Akamfungia zipu kwenye karatasi. "Mteja ni mmoja, shoga, na ana mkasi wake mwenyewe. Akiingia, mlango unafungwa nusu. Hiyo nusu iliyo wazi nimeiona, haina kitu. Hiyo nyingine ndiyo yenye maneno."

"Huyo alikuwa mwanafunzi wetu."

"Ndiyo nasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ulimkaribisha, hebu nionyeshe ulipopona."

Mama Vifungo hakuwa mwongo. Alisema alichokiona na hakuongeza kitu. Madhara yake yalitokana na namna alivyokipima.

Saa tisa kasoro dakika kumi mume aliuchukua mfuko mweusi. Mke alihesabu hadi mia, akafunga cherehani, akamfuata. Hakuwa amemtazama kwa nyuma akitembea tangu walipokuwa wachumba. Mkono wa kushoto wa mumewe ulikwenda na kurudi kama kawaida. Wa kulia ulining'inia tu, na kiatu cha kulia kilikwangua vumbi kila hatua. Alidhani ni maringo. Alidhani ndivyo mwanamume anavyotembea akienda kwa mwanamke wa pili.

Mlango ulikuwa umefungwa nusu, kama alivyoambiwa. Alichungulia kwa juu. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa shati jeupe juu ya fulana yake, amenyoosha mkono wa kulia mbele kama mtoto anayekatwa kucha. Mashoto alikuwa ameinama akimfunga kifungo cha mkono wa shati. Alikifunga bila kukitazama, kama mtu aliyekwisha kukifunga mara nyingi, huku akisema jambo fulani kuhusu upana wa kiuno.

"Endelea," mke alisema. "Umebakiza cha shingoni."

Mashoto aliuachia ule mkono. "Dada. Karibu ndani."

"Nimekwisha karibishwa. Mume wangu kakaa kwa niaba yangu."

Mume alinyanyuka haraka kuliko mwili wake ulivyotaka, akajishika mezani. Mkono wa kulia ulibaki wazi juu ya meza, katikati ya kitambaa cha kijivu kilichokatwa nusu, ukaanza kutetemeka. Gumba na kidole cha shahada vilisuguana bila kukoma, kama vya mtu anayepota uzi ili autie kwenye tundu la sindano.

"Mtazame!" mke alisema. "Sijakugusa, unatetemeka. Mwizi humjui kwa uso, unamjua kwa mikono."

"Siyo woga," mume alisema.

"Ni nini? Baridi? Jua hili?"

"Dada," Mashoto alisema, "huo mtetemeko una miaka miwili."

Mke alisikia namba kabla ya kusikia neno.

"Miwili?"

"Mwanzo kilikuwa kidole kimoja tu. Halafu—"

"Nimemwuliza mume wangu."

Mume aliufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Alizungumza kwa ile sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza mkewe aliona kwamba hata kwa Mashoto sauti ilikuwa ile ile. "Kukata siwezi tena. Mkasi unaruka. Nikaona nimletee huku, anikatie, nirudishe. Mwanzo chaki nilichora mwenyewe, yeye anakata tu; safari hii hata chaki imenishinda. Sikutaka ujue."

"Na huyu ulitaka ajue."

Mashoto, ambaye alizoea kusema ukweli mara moja ili upite, aliona ni vizuri yote yatoke siku moja. "Tumeshakwenda na hospitali, dada. Mara moja. Wametaka arudi."

"Tumeshakwenda," mke alirudia. "Nani na nani?"

Laiti wangekuwa wapenzi, angejua la kufanya. Mambo ya namna hiyo yana utaratibu wake: yapo maneno ya kurusha, wapo ndugu wa kuitwa, lipo sanduku la kufungwa. Kwa hili hapakuwa na utaratibu. Alichoibiwa hakikuwa na jina, na aliyekichukua alikuwa amekitunza vizuri.

Nyumbani walikaa mezani, chakula katikati yao. Mume alikula kwa mkono wa kushoto. Mke alijaribu kukumbuka ni lini alianza kula hivyo, akashindwa.

"Kwa nini yeye?" aliuliza.

"Alikuwa hapo. Siku ile nilipokwenda kumwazima pasi, aliuona mtetemeko."

"Mimi nilikuwa nalala na wewe."

"Nilikuficha. Yeye sikuwahi kumficha."

"Basi ungenificha halafu ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba siwezi kukata? Wewe unashona nilichokata. Nikisema siwezi, nimeziangusha kazi mbili." Alisukuma sahani. "Na ungenitazama hivi unavyonitazama sasa."

"Nakutazamaje?"

"Kama kitambaa kilichochanika."

"Yeye anakutazamaje?"

Mume alifikiri. Alikuwa mtu mkweli kwa asili, na miezi ya kuficha ilikuwa imemchosha. "Hanitazami," alisema. "Anafunga kifungo, anaendelea na kazi."

Lilikuwa jibu sahihi, na baya kuliko yote aliyoweza kutoa. Mke aliondoa sahani. Asubuhi alimwamuru avae shati, akamfunga vifungo vyote saba yeye mwenyewe, akivitazama kimoja kimoja, wala hakumaliza haraka.

Kwenye dirisha la kadi hospitalini, karani alimtambua mgonjwa. "Fundi! Karibu. Mkeo leo hakuja? Yule mrefu?"

"Mke ni mimi," mke alisema.

Karani aliisoma kadi, akamtazama mume, akaisoma tena. "Hapa kwenye jina la msindikizaji kuna mtu mwingine."

"Lifute. Andika langu."

"Wino huu mama hatufuti. Tunaongeza chini." Akaandika chini, kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtaka mume agonganishe gumba na kidole cha shahada haraka haraka. Mkono wa kushoto uliweza. Wa kulia ulianza vizuri, ukapunguza, ukasimama katikati kama cherehani iliyokwama. Akamtaka aandike sentensi moja. Maneno yalianza makubwa yakaishia madogo, na la mwisho lilikuwa kama tone la wino. Akamtaka atembee hadi mlangoni na kurudi. Mke alikiona kile kiatu kikikwangua sakafu, akayakumbuka maringo.

"Ni nini, daktari?" aliuliza.

"Sijui bado. Yapo maradhi manne au matano yanayoanza na mkono hivi. Sina kipimo cha damu cha kuyatenganisha. Yanatenganishwa kwa historia: kipi kilitangulia, kipi kikafuata, na baada ya muda gani. Dawa inayofaa hili huenda isifae lile." Alifungua kalamu. "Mtetemeko ulianza kidole kipi? Alikuwa ametulia au anafanya kazi?"

Mke alimtazama mumewe. Mume alisema, "Kidole... nadhani gumba. Sikumbuki. Mimi nilikuwa natazama mkasi."

"Mguu ulianza kuburuta kabla ya mkono au baada?"

"Mguu?" mume aliuliza. "Mguu wangu unaburuta?"

"Mama?"

"Sikuona," mke alisema.

"Unaishi naye?"

"Naishi naye."

Daktari hakuwa mkali. Alikuwa na foleni. "Rudini Alhamisi. Njooni na mtu anayemwona kila siku akiwa kazini. Yule mwenzake wa siku ile alianza kunieleza vizuri, tukakatishwa. Njooni naye."

"Hakuna haja," mke alisema. "Nitakuja na majibu."

Alikwenda Jumatano alasiri. Mlango ulikuwa wazi wote. Mashoto alikuwa akikata sare, mkasi ukitembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kuinuliwa. Alipomwona aliusimamisha katikati ya mkato, jambo ambalo mkataji mzuri halifanyi.

"Sikuja kugombana," mke alisema. "Nimekuja kuuliza. Daktari anataka tarehe."

"Nakuja naye mimi, dada, kama—"

"Huji. Niambie, niandike."

Mashoto alimvutia kigoda, kile kile. Mke alikitazama, akabaki amesimama, akaandika juu ya karatasi ya kukatia mitindo, akiiegemeza ukutani.

Mafundi hawahesabu miaka kwa kalenda. Huhesabu kwa kazi. Mashoto alieleza kwamba kidole cha shahada kilianza wakati wa zile sare za wauguzi, mkono ukiwa umetulia juu ya meza. Akishika mkasi kilinyamaza. Wakati wa makoti ya kwaya kilifuata gumba. Wakati wa mapazia ya benki mkono uliacha kwenda na kurudi akitembea, na kabla hayajaisha mguu ukaanza kuburuta. Vifungo vilimshinda wakati wa sare za walinzi, na hapo ndipo alipotupa mkasi chini, akakaa, akamwambia mtu mmoja.

"Wewe."

"Mimi. Nilikuwa nimekuja kuchukua pasi yangu."

Mke aliandika. Kazi hizo zote alizishona yeye. Kila moja ilipita chini ya sindano yake, na huku ng'ambo ya meza mwanamume alikuwa akipungua.

"Nikuulize la mwisho," alisema bila kugeuka. "Ulimtaka?"

Mashoto aliushika mkasi, akauweka tena. "Nilimtaka. Tangu niko kwenu, mwaka wa pili. Yeye akautaka mkasi wangu. Basi kila mtu akapata kidogo, tukanyamaza."

"Alijua?"

"Fundi? Dada, wewe unamjua. Fundi haoni kitu kisichochorwa chaki."

Mke nusura acheke. Ilimkera zaidi kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli, na kwamba angeweza kuyasema yeye. Alikunja karatasi. Pale mlangoni, heshima ilimtaka aseme asante. Alisimama na neno hilo mdomoni kwa muda unaotosha kutia uzi kwenye sindano, kisha akasema, "Kola za sare hizo ziongeze nusu inchi. Zitawabana," akaondoka.

Mashoto alipima. Zingewabana kweli.

Alhamisi mke alijibu yote. Karatasi ilibaki ndani ya mkoba. Alikuwa ameisoma hadi akaikariri. Alitaja kidole, akataja gumba, akataja mkono na mguu kwa mpangilio wake, na kila kazi aliibadilisha kuwa mwezi na mwaka. "Nikaona mguu unaburuta," alisema. "Nikaona vifungo vinamshinda." Mume alikaa kando yake, macho sakafuni. Alijua maneno hayo yametoka kwa nani, na alijua kwamba mkewe anajua kwamba anajua.

"Anapoteza kunusa?" daktari aliuliza.

Hili halikuwamo kwenye karatasi. Mke alihesabu miezi vidoleni. Kisha akasema, "Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, mwaka jana. Kulikuwa na harusi. Nilijipulizia manukato, nikasimama mbele ya pua yake, hakusikia harufu."

"Na usingizi? Anapiga kelele, anarusha mikono?"

"Alihamia sebuleni tarehe tatu ya mwezi wa sita. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo aliwahi kunipiga kiwiko usingizini. Mara mbili katika wiki moja. Nilinuna."

"Uso? Hisia usoni?"

"Aliacha kucheka mwezi wa nane. Naweza kukutajia mzaha wenyewe."

Daktari aliandika hadi ukurasa ukajaa. Wivu ulikuwa umetunza kumbukumbu kuliko karani yeyote wa hospitali ile, kwa siku na kwa saa, ingawa sababu ilikuwa imeandikwa vibaya kila mahali. "Wasindikizaji wote wangekuwa kama mkeo," daktari alimwambia mume, "kazi yangu ingekuwa nyepesi." Akaandika dawa moja ya majaribio, warudi baada ya wiki sita, wakati huo ndipo atakaposema ugonjwa ni upi.

Walitoka wakapita kwenye ujia mrefu, watu wamekaa kwenye mabenchi pande zote mbili. Mke alipunguza mwendo ili ulingane na wake.

"Ulikwenda kwake," mume alisema.

"Nilikwenda."

"Ule mguu hukuuona wewe."

"Niliuona. Sikuuelewa." Wakapisha kitanda chenye magurudumu. "Sikiliza. Kuanzia leo, kikianza kitu chochote, naambiwa mimi kwanza. Si jirani, si mwanafunzi. Mimi."

Mume alikitazama kiatu chake kikikwangua sakafu.

"Kuna kitu," alisema.

"Nini?"

"Maji. Tangu wiki jana. Nikinywa, koo linasahau kumeza. Juzi yalinipalia nikadhani ndiyo basi."

Mke alisimama. "Umemwambia Mashoto?"

"Hapana."

"Hata kwa mzaha?"

"Nimekwambia hapana. Wewe tu. Hata daktari hakuuliza, sikusema."

Furaha ilimpanda mwilini kama maji ya moto, bila kumwomba ruhusa. Alimshika mumewe mkono, akanyoosha shingo, akatembea kati ya mabenchi kama mtu aliyeitwa mbele za watu apewe zawadi. Wewe tu. Alilirudia neno hilo moyoni hadi kwenye ngazi, na kwenye ngazi akalirudia tena.

Walikuwa wamefika getini ndipo aliposikia alichoambiwa. Alimtazama mumewe shingoni, pale mfupa wa koo unapopanda na kushuka. Alitamani kukaa na jambo hilo peke yake, japo hadi kesho. Kisha akamgeuza, wakarudi ndani kumwambia daktari.